Sijapata Hata Lepe

Mimi ni mwoka mikate, na nina hasira za karibu. Nayasema yote mawili mapema ili mtu asije akashangaa mbele ya safari. Hasira hasara, tumeambiwa tangu utoto, na mimi hasara zake nimezila nikashiba. Lakini sijawahi kumkasirikia mtu kama nilivyomkasirikia binti yetu wa pekee Jumamosi ile, aliposimama katikati ya sebule yetu na mtoto wake begani, akamwambia mama yake, "Mama, huyu sitakuachia tena."

"Kwa kosa gani?" mke wangu akauliza.

"Umelala ukiwa umempakata. Nimebisha hodi mara tatu hukuitika. Nimeingia, nimemtoa mapajani mwako, nimekaa, ndipo ukashtuka."

"Sikulala."

"Mama, kidevu kilikuwa kifuani."

"Nimesema sikulala! Mimi na usingizi tuliachana zamani, na wewe unajua. Mtu asiyelala usiku kitandani, atalala mchana kwenye kiti?"

Mtaa mzima unamwita mke wangu Mkasi. Sababu ya kwanza ni kazi: miaka ishirini na sita anakata vitambaa vya sare za shule kwenye karakana ya ushonaji. Sababu ya pili ni ulimi, na hiyo haihitaji maelezo. Mkasi akishasema, limekatwa. Kwa hiyo mimi, niliyekuwa ndiyo kwanza naingia kutoka bekari, niliona binti yetu amemtukana mama yake usoni, nikafungua mdomo kabla ya kufikiri. Nikamwambia adabu haiuzwi dukani, nikamwambia huyo unayemwita mlalaji ndiye aliyekesha na wewe ulipougua surua, na kama umekua sana basi katafute wazazi wa saizi yako.

 Binti yetu ni mpima ardhi, amezoea kupima kwanza na kusema baadaye. Alimfunga mtoto vizuri, akasema kwa sauti ya chini kwamba likizo yake ya uzazi inakwisha mwisho wa mwezi, na mtoto atampeleka kwa mama mkwe wake. Huko ni safari ya basi ya siku nzima. Mtoto angekaa huko mpaka afikishe umri wa chekechea, maana baba yake naye kazi yake ni ya mbali, anaonekana nyumbani mara moja kwa mwezi.

Mpango ulikuwa Mkasi aache kazi mwisho wa mwezi huo huo, alee mjukuu. Alishaaga karakanani. Alishashona vishuka kumi na viwili, alishaihamisha cherehani yake ya nyumbani ili kitanda cha mtoto kikae karibu na dirisha. Kwa miezi mitano, tangu mtoto azaliwe, yeye alikuwa akimwita mke mwenzangu na mimi nikimwita mchumba, na ugomvi wetu wa wivu ndio uliokuwa burudani ya nyumba. Binti alipotoka, Mkasi alikaa akivikunja vile vishuka, akavikunjua, akavikunja tena. Nikamwambia usijali, hasira zake zitapoa. Hakusema kitu, na Mkasi akikosa la kusema mimi naogopa.

Sasa nieleze habari za huo usingizi. Kwa miaka mitano mke wangu alikuwa halali, hilo nilikuwa nalijua kama ninavyojua jina langu. Anapanda kitandani saa nne usiku, anashtuka saa tano, anashtuka saa sita, ikifika saa tisa yuko macho makavu, moyo unamwenda mbio, kinywa kimekauka, kichwa kinagonga. Asubuhi ukimuuliza, jibu ni moja: "Sijapata hata lepe." Kila mtu alikuwa na dawa yake. Jirani alisema ni mawazo. Mawifi walisema ni umri, mwanamke akifika pale usingizi unamkimbia. Dada yake alisema maziwa ya moto. Alikunywa maziwa mpaka nikamwambia ng'ombe nao wanahitaji kupumzika.

Daktari wa kwanza alimuuliza, "Mama, una mawazo?" Mkasi akamjibu, "Nani hana?" Akamuuliza kama anakoroma, nikamjibu mimi kwamba hapana, huyu analala kimya. Akamtazama mwili, akaona mwanamke mwembamba, akaandika vidonge vya usingizi, tukaenda zetu.

Na mimi nilikuwa na jibu langu, tena nimelishikilia kuliko wote: mkosaji ni mimi. Mwoka mikate huamka saa nane za usiku ili watu wengine wapate mkate asubuhi. Kila nikiamka namkuta yuko macho. "Unakwenda?" "Nakwenda, lala." Nikajiambia, huyu mwanamke nimemharibia usingizi kwa miaka yote ya ndoa, mimi na kengele yangu. Nikaacha kengele. Nikaanza kuvaa gizani, mpaka siku moja nikafika bekari na viatu vya jozi mbili tofauti, wenzangu wakacheka mpaka trei nzima ikaungua. Haikusaidia. Ndipo miaka minne iliyopita nikahamia kwenye kochi la sebuleni. Mkasi alinuna wiki nzima.

"Umenihama," akasema.

"Nimeupisha usingizi wako, sijakuhama wewe."

Majirani walidhani tumekosana. Mimi nilijiona mume mwema kuliko wote mtaani. Kila usiku nikijikunja kwenye lile kochi, miguu ikining'inia nje, nilikuwa nasema moyoni, vumilia, unafanya hivi kwa ajili yake.

Baada ya Jumamosi ile mambo yalizidi. Akaongeza vidonge kutoka kimoja hadi viwili, na mimi ndiye niliyekuwa nampelekea na glasi ya maji kabla sijaenda kochini. Vilimpa usingizi, ndiyo, wa saa mbili au tatu, akaamka amechoka kuliko alivyolala. Jumatano akaharibu suruali. Pale karakanani vitambaa hupangwa tabaka juu ya tabaka, mpaka arobaini, halafu mkataji anaweka karatasi ya mfano juu, anapiga chaki, anapitisha mashine ya kukatia mara moja. Mguu wa kushoto ukishachorwa, karatasi inageuzwa ili uchorwe wa kulia. Mkasi hakuigeuza. Kosa moja la chaki likawa makosa arobaini: miguu themanini ya suruali, yote ya kushoto.

Msimamizi wake, ambaye alifundishwa na yeye mwenyewe namna ya kushika chaki, hakumgombeza. Alimwambia tu, "Mama, si ulikuwa unaaga? Anza kupumzika leo." Alinisimulia akicheka. "Nimetafuta shule ya watoto wenye miguu ya kushoto mitupu," akasema, "nimekosa." Halafu kicheko kikamshinda, akafunika uso kwa kanga. Miaka ishirini na sita, na hakuwahi kuharibu hata kola. Nilimshika mabega.

Kesho yake, Alhamisi, nilirudi kutoka bekari saa nne asubuhi kama kawaida yangu, nioge nilale. Saa hizo nyumba huwa tupu. Nikamkuta amekaa ukingoni mwa kitanda.

"Njoo ulale huku," akasema. "Usingizi wenyewe sina, utaniharibia nini?"

Nikapanda kwenye kitanda changu mwenyewe baada ya miaka minne, nina haya kama bwana harusi. Akalala chali, akanishika kidole kimoja. Kwa kawaida mimi nikiweka kichwa chini ni gogo, lakini siku hiyo nilikuwa na mtoto kichwani, na ile safari ya basi, na vishuka kumi na viwili. Nikabaki macho.

Nina tabia moja ya kazi. Mwoka mikate mikono yake imejaa unga, hawezi kuwa anashika saa kila dakika, kwa hiyo tunahesabu. Nahesabu nikikanda, nahesabu trei ikiingia tanurini, nahesabu ngazi za nyumba za watu. Nikikosa usingizi nahesabu chochote kilicho karibu. Siku hiyo kilichokuwa karibu ni pumzi za mke wangu.

Kidole changu kikaachiwa. Alikuwa amelala. Pumzi zilikwenda taratibu, laini, bila mkoromo. Halafu zikakoma. Nikaendelea kuhesabu kwa mazoea, sekunde badala ya pumzi. Tisa, kumi, kumi na moja. Kifua kilikuwa kinajaribu kupanda, nakiona, lakini puani hapakutoka wala kuingia kitu. Ishirini. Nikasema labda sisikii vizuri. Ishirini na tano, nikainua kichwa. Thelathini na nne, nimeshanyoosha mkono kumshika bega, na hapo hapo akavuta hewa kwa mkwaruzo mmoja mfupi, akafumbua macho nusu, akayafumba. Pumzi zikaanza tena laini, kana kwamba hakuna kilichotokea. Dakika mbili baadaye zikakoma tena.

Mtaniuliza kwa nini sikumwamsha. Mara ya kwanza nilidhani ni bahati mbaya. Mara ya pili nilipigwa na butwaa. Kuanzia ya tatu nilitaka kuwa na hakika, maana namjua ninayeishi naye. Nilihesabu mara kumi na moja, na iliyokuwa ndefu kuliko zote ilifika arobaini na moja. Hiyo ndiyo iliyomkurupua. Aliketi, mkono kifuani, jasho kwenye paji la uso, akatazama saa ya ukutani.

"Unaona?" akasema. "Sijapata hata lepe."

"Umelala nusu saa nzima."

"Wewe ndiye uliyelala."

"Umelala, mwanamke! Na umekata pumzi mara kumi na moja! Nimehesabu!"

Nilikuwa nafoka. Nilikuwa nimeogopa, na mimi nikiogopa nafoka, ndivyo nilivyoumbwa na sijivunii. Mkasi akanitazama kwa jicho ambalo sitalisahau.

"Na wewe pia?" akasema. "Baba na binti mmekaa kikao? Haya, nimezeeka, nasinzia ovyo, nasema uongo. Kuna lingine?" Akachukua mto wake, akaenda yeye kwenye kochi.

Ijumaa nilikuja na akili nyingine. Nilimwomba radhi, nikamwambia tulale tena mchana, sitasema neno lolote. Alikubali kwa shingo upande. Nikaweka simu yangu chini ya ukingo wa mto, ikinasa sauti, sikumwambia. Ujanja huo haukunifurahisha, lakini kupendwa na Mkasi ni jambo moja na kuaminiwa na Mkasi ni jingine. Alipoamka akasema lile lile la hata lepe. Nikamwambia, "Sikiliza hii, halafu unitukane utakavyo."

Akaiweka simu sikioni. Mwanzoni zinasikika pumzi. Halafu kimya. Kwenye kimya kile unasikia bomba la jirani likitiririka, unasikia pikipiki ikipita barabarani, na unasikia sauti ya mwanamume mzima akinong'ona, "Ishirini na tisa, thelathini, amka, thelathini na moja, amka mama, thelathini na mbili, amka jamani, amka."

Alisikiliza mpaka mwisho. Akairudisha nyuma, akasikiliza tena.

"Huyu ni wewe?"

"Ni mimi."

"Mbona unalia?"

Sikujua kwamba nilikuwa nalia. Aliweka simu chini, akavipangusa vidole vyangu kwa pindo la kanga ingawa havikuwa na unga, akasema, "Basi twende kwa daktari. Lakini utakaa kimya, nitasema mimi."

Safari hii tulimpata daktari mwingine, mwanamke kijana mwenye miwani mikubwa. Alituambia tunyamaze, akafunga dirisha, akasikiliza ile sauti huku akitazama saa yake ya mkononi. Sisi watatu tukakaa tunasikiliza kimya cha mke wangu. Akamtazama koo kwa tochi, akamshika taya, akauliza vidonge gani, vingapi, tangu lini. Aliposikia ni viwili akakunja uso. Wakamlaza hospitali usiku mmoja na nyaya kichwani na kifuani, na asubuhi Mkasi akawaambia wauguzi wasihangaike na hizo nyaya zao, maana hakupata hata lepe. Kumbe nyaya zilikuwa zimehesabu saa tano za usingizi. Katika kila saa moja, pumzi zilikatika mara thelathini na tatu.

Daktari alitueleza polepole. Ukilala, koo linalegea na kuziba. Hewa haipiti. Ubongo unaona hatari, unakushtua ili upumue, halafu unalala tena, usiku kucha namna hiyo. Wewe unachokumbuka ni kule kushtuka. Usingizi wenyewe hauukumbuki, kwa sababu haukai vya kutosha. Kwa hiyo unaamka na kuapa kwamba hukulala. Akasema watu wengi, hata wenzake, wanamtafuta mwanamume mnene anayekoroma, na mwanamke mwembamba mwenye taya dogo anaambiwa ana mawazo. Akasema kwa wengine hali huzidi kuelekea alfajiri. Kuelekea alfajiri mimi niko bekari. Na vile vidonge, akasema, kwa koo la namna hii vinaweza kulilegeza zaidi na kuuchelewesha ubongo kumwamsha.

Kikulacho ki nguoni mwako. Cha mke wangu kilikuwa kooni mwake, na aliyekuwa akikilisha kwa glasi ya maji kila usiku ni mimi. Nilitaka kutoka nje nikapige ukuta ngumi. Daktari aliniona, akasema, "Mzee, aliyehesabu ni wewe pia." Nikabaki kwenye kiti.

Mkasi hakuwa akinitazama. Alikuwa na swali lake.

"Daktari, mtu mwenye ugonjwa huu, anaweza kulala akiwa ameketi? Mchana? Asijue kabisa kama alilala?"

"Anaweza. Hata akiwa ameshika kitu."

"Kwa hiyo si akili?"

"Si akili, mama. Ni koo."

Hapo mke wangu alilia. Alilia kwa sauti, mbele ya daktari na mbele ya muuguzi aliyekuwa mlangoni, na mimi nikadhani analia kwa furaha. Sikuelewa.

Hospitali ilituazima mashine. Ni kisanduku kidogo kinachosukuma hewa kwenye bomba, na bomba linaishia kwenye kinyago cha plastiki kinachofunika pua, kazi yake ni kuzuia koo lisizibe. Usiku wa kwanza alikivua mara saba. Usiku wa pili alikitupa chini ya kitanda na kunitukania ukoo. Mimi nilikuwa nimesharudi kitandani kwangu, maana kochi nililifukuzia uani, na kazi yangu ilikuwa kumrudishia kinyago na kutukanwa. Niliomba bekari ruhusa ya wiki mbili kuingia saa kumi na mbili badala ya saa nane. Nikawa nalala kwa zamu, napima kifua chake kwa kiganja. Usiku wa tisa, alilala saa nne akaamka saa kumi na moja. Alikaa kitandani akitazama mikono yake. Halafu akauliza, "Watu wengine wanajisikia hivi kila siku?"

"Ndiyo."

"Na hawasemi?"

Ilibaki kazi moja. Kumwomba radhi mtoto wako ni kugumu kuliko kukanda gunia zima kwa mkono, lakini nilimpigia binti yetu simu, nikamweleza yote, nikamwambia siku ile nilipayuka na nisamehe. Akapima kwanza. Halafu akasema, "Baba, nilimwita mama mwongo." Nikamsikia akilia.

Alikuja Jumapili ya mwisho wa mwezi. Mizigo ya mtoto ilikuwa imeshafungwa, baba yake alikuwa aondoke naye kwa basi la jioni ile. Aliingia, akamkumbatia mama yake, akasema, "Mama, safari nimeifuta. Nimeshaongea na mama mkwe. Kesho naanza kazi, nitakuletea mtoto asubuhi."

Mimi nilikuwa tayari nimeshapiga makofi ya furaha. Kitu chote tulichokuwa tunakililia kimekuja chenyewe mpaka mlangoni. Mkasi akasema, "Kaa kwanza."

"Mama?"

"Kaa, mwanangu. Na wewe baba, acha makofi."

Tukakaa. Mtoto alikuwa mapajani kwa mama yake, anakula ngumi yake mwenyewe.

"Jumamosi ile," Mkasi akasema, "wewe ulimkuta mapajani mwangu. Kabla hujaja, mimi nilimkuta chini."

Binti yetu akamshika mtoto kwa mikono miwili.

"Nilikuwa nimempakata. Mimi najua niko macho. Nikatazama mapajani, mtoto hayupo. Yuko sakafuni, kwenye ule mto ninaowekea miguu, amelala kifudifudi. Hakulia. Alikuwa anachezea mguu wa meza. Nikamwokota, nikampapasa mwili mzima, hana hata mkwaruzo. Nikajiuliza nani aliyemweka chini, kama mimi sikulala? Bibi yako, mama yangu, alianza hivyo hivyo. Kwanza vitu vilikuwa vinahama vyenyewe, mwisho akawa hatujui hata majina. Nikasema imenifikia. Nikasema nikikiri kwamba nilisinzia, utauliza mangapi mengine. Ndipo ukaja, na mimi nilikuwa nimeshampakata tena, kumbe usingizi ulikuwa umenichukua tena. Ndiyo maana niling'ang'ania. Haikuwa kiburi. Nilikuwa naogopa mtaniona."

Mficha maradhi kifo humuumbua, wahenga walisema, lakini hawakusema mtu anaogopa kiasi gani mpaka afiche. Mimi ninayelala nyumba moja naye sikujua. Nilitamani sana aishie hapo, kwa kweli nilitamani asingeanza kabisa.

"Sasa unajua," Mkasi akasema. "Nina koo bovu na nina mashine, na siku tano sasa nalala. Lakini mwanao alianguka kutoka mikononi mwangu na mimi nikanyamaza. Huwezi kuniachia mtoto bila kujua hilo. Kama basi halijaondoka, unaweza kuliwahi."

Binti yetu alisimama. Alimgeuza mtoto, akampapasa kisogo, mabega, mgongo, ingawa yalikuwa yameshapita wiki tatu. Akamfunga. Akachukua mkoba wake. Akatoka bila kuaga.

Sikufoka. Najishangaa mpaka leo. Nilimuuliza mke wangu tu, "Ilikuwa lazima?"

"Ilikuwa lazima," akasema, akaenda jikoni kuosha vyombo vilivyokuwa vimeshaoshwa.

Usiku ule alivaa kinyago mwenyewe, bila kutukana mtu. Mimi nilikwenda bekari saa nane kwa sababu ruhusa yangu ilikuwa imekwisha, nikakanda vibaya, nikachomoa trei kabla ya wakati. Ilipofika saa kumi na mbili nikamwambia mwenzangu chukua tanuri, mimi siwezi. Nikarudi nyumbani na unga kichwani. Mkasi alikuwa ameketi sebuleni, amevaa, amejifunga kanga, mikono mapajani. Alikuwa amelala usiku, nililiona usoni. Hakuwa akisubiri kitu, alisema. Ameamka tu.

Saa moja na nusu tukasikia hodi.

Binti yetu aliingia amevaa viatu vyake vya kazi, vile vizito vya kupimia ardhi. Macho yake yalikuwa mekundu. Yeye ndiye ambaye hakupata hata lepe.

"Mama," akasema, "siku ile mtu aliyelala hakunitisha. Kila mtu hulala. Aliyenitisha ni yule aliyeniambia hakulala. Sikujua nitamwaminije. Jana hukuwa yule." Akamfungua mtoto. "Amenyonya saa kumi na mbili. Maziwa mengine yako kwenye chupa, usiyachemshe. Ukisikia uchovu wowote, hata kidogo, mweke kitandani kwake na unipigie."

"Nitakupigia."

"Hata kama niko katikati ya shamba la watu."

"Nimesikia. Nitakupigia."

Mkasi alinyoosha mikono. Mikono iliyokata nguo za watoto wa shule miaka ishirini na sita bila kuyumba ilikuwa inatetemeka, na binti yetu aliiona, na bado alimweka mtoto pale. Akamrekebisha kofia. Akatoka.

Nikaenda dirishani. Mkasi alibaki amesimama katikati ya sebule, ameupa mlango mgongo, mtoto kifuani.

"Anageuka?" akauliza.

"Hageuki. Anatembea."

"Yuko wapi?"

"Kwenye duka la kona."

"Amesimama?"

"Hajasimama."

"Angalia vizuri. Hajatazama nyuma?"

Niliangalia mpaka akakata kona. "Hajatazama nyuma hata mara moja," nikamwambia, na ndipo mke wangu akaketi.